Mtanganyika Aliyesema "Uhuru" Katika Santuri ya New York

Mwezi wa Novemba mwaka 1960 nchi yetu ya Tanganyika ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na siku kadhaa kufikia ile tarehe 9 Desemba 1961. Basi mwezi huo huo, mbali kabisa na kwetu, katika chumba cha kunasia sauti mjini New York, mtu wa Tanganyika alisimama mbele ya maikrofoni akasema kwa Kiswahili habari za uhuru, na mashine ikamnasa. Jina lake Tuntemeke Sanga. Pamoja naye katika kazi hiyo walikuwako wapigaji wa jazz zaidi ya ishirini, na wengi wao majina yao yanajulikana duniani hata leo.

Santuri iliyotokana na kazi ile yaitwa Uhuru Afrika. Jina lake ni letu, na maneno yake ya mwanzo ni ya lugha yetu. Hata hivyo ukipita nyumba mia moja hapa Kasingirima, katika mji wetu wa Kigoma na Ujiji, sidhani kama utapata moja ambayo watu wake wamewahi kuisikia. Ndiyo maana nimeona nikuandikieni habari zake.

Kwanza niseme juu ya hiyo jazz, maana sisi tunalitumia neno hilo kwa namna yetu. Tukisema Morogoro Jazz, Western Jazz au Tabora Jazz, twafikiri magitaa, rumba na watu wanaocheza dansi. Jazz ya watu weusi wa Marekani ni kitu kingine. Wapigaji huanza kwa wimbo mmoja wote pamoja; halafu kila mmoja kwa zamu yake anautungia mapya papo hapo, bila kuandika, huku wenzake wakimshikia mdundo; mwisho wote hurudi kwenye wimbo ule ule. Miaka ya 1950 vijana wengi wa miji kama New York, Detroit na Philadelphia waliipiga jazz kwa nguvu mpya, wakairudisha kwenye blues za wazee wao na kwenye nyimbo za makanisa yao. Mtindo huo uliitwa hard bop. Ukitaka kuuelewa upesi, sikiliza wimbo uitwao Moanin', ulionaswa na bendi ya Art Blakey mwaka 1958. Piano yatoa neno, tarumbeta na saksofoni zaitikia, sawasawa na mwimbishaji na kwaya yake. Aliyeutunga, Bobby Timmons, alilelewa na babu yake aliyekuwa mhubiri, akawa akipiga kinanda kanisani. Ukisikia, wala huhitaji kuambiwa.

Sasa turudi kwenye santuri yetu. Mwenyewe aliitwa Randy Weston, mpiga piano, aliyezaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Alikuwa mtu mrefu mno, wa kupita futi sita na nusu, na mikono yake ilienea kwenye piano kama ya mtu anayekusanya nguo kitandani. Baba yake alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewahimiza watu weusi wa Marekani waikumbuke Afrika. Basi mtoto alikua akiambiwa nyumbani kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na kwamba lazima ajifunze habari za Afrika tangu zamani za kale, kabla ya utumwa. Shuleni hakufundishwa mambo hayo. Alifundishwa na baba yake.

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru wao. Weston alitaka kuishangilia habari hiyo kwa muziki, tena si kwa wimbo mmoja mdogo. Alitunga kazi ndefu ya sehemu nne: ya kwanza Uhuru Kwanza, ya pili African Lady yaani Bibi wa Afrika, ya tatu Bantu, na ya nne Kucheza Blues. (Msamehe kwa hilo la mwisho, neno moja letu na moja lao, lakini ukisikia ngoma utaona kwamba yote mawili yanacheza.) Akawakusanya wapigaji. Katika ngoma alikuwamo Max Roach, mmoja wa waanzilishi wa hard bop yenyewe. Katika tarumbeta alikuwamo Freddie Hubbard, kijana wa miaka 22 tu. Alikuwamo Babatunde Olatunji wa Nigeria na ngoma zake, na Candido na Armando Peraza, wapiga ngoma wa Cuba. Mshairi mashuhuri Langston Hughes aliandika shairi la uhuru la kuanzia kazi hiyo, pamoja na maneno ya wimbo wa African Lady. Shairi lile ndilo alilolisema ndugu yetu Sanga kwa Kiswahili.

Yafaa akina mama na mabinti wasikie habari ya mtu mmoja zaidi. Weston alitunga nyimbo, lakini kuzigawa kwa vyombo vyote hivyo, huyu apige hapa, yule anyamaze pale, hiyo ni kazi ya fundi wa namna nyingine. Fundi huyo alikuwa mwanamke, Melba Liston, aliyezaliwa Kansas City mwaka 1926. Alianza kupiga tromboni akiwa msichana wa miaka saba, chombo ambacho hata mikono ya mtoto haifiki mwisho wake. Wanaume walimcheka, naye akaendelea, mpaka akapigia bendi kubwa kubwa. Baadaye, miaka ya 1970, alifundisha muziki huko Jamaika. Mwaka 1985 alipatwa na kiharusi, asiweze tena kupuliza tromboni. Lakini hakuacha kazi: alijifunza kuandika muziki kwa kompyuta, na miaka ya 1990 alikuwa akimpangia Weston nyimbo zake bado. Alifariki mwaka 1999. Mimi naona kwamba bila yeye santuri ya Uhuru Afrika ingekuwa kelele za watu wazuri, basi.

Mtasema, kwa nini Kiswahili? Swali zuri. Watu weusi wa Marekani, mababu zao wengi walichukuliwa upande wa magharibi wa Afrika, kuanzia Senegali hadi Kongo na Angola. Wachache tu walitoka pwani ya mashariki. Kwa hiyo wengi wao Kiswahili si lugha ya mababu zao. Weston mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2010, kwamba alitafuta lugha ya Kiafrika ambayo watu wa makabila mengi huisema, akawauliza watu wa Afrika waliokuwa kwenye Umoja wa Mataifa, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Alitaka kuonyesha kwamba Afrika ina lugha zake zenye uzuri wake. Siku zile watu wengi wa Marekani walidhani Waafrika hupiga kelele tu kama katika sinema za Tarzan.

Baada yake wengine walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1964 Lee Morgan, mpiga tarumbeta wa Philadelphia, alinasa wimbo aliouita Mr. Kenyatta. Mwaka 1971 mpiga piano Herbie Hancock alitoa santuri iitwayo Mwandishi, naye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, mwingine Mchezaji, mwingine Jabali, mwingine Mganga, na mmoja Pepo Mtoto. Hilo la mwisho nimelisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Bibi zetu wangemwombea.

Lakini msomaji wa Ujiji anaposikia kwamba Kiswahili kilichaguliwa kiwe lugha ya uhuru, moyoni hujibu kwa njia mbili. Kiswahili hakikufika kwenye ziwa letu kwa kupeperushwa na upepo. Kilikuja na misafara. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia itokayo Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe za ndovu zilivushwa hapa, na watu pia. Stanley alipomkuta Livingstone chini ya mti pale Ujiji mwaka 1871, biashara hiyo ilikuwa ikiendelea mbele ya macho yao. Mapadre wa kwanza wa White Fathers walipofika Ujiji mwaka 1879, walilikuta soko la watu, wakawakomboa watoto kwa kutoa bidhaa, kama mtu anavyokomboa mbuzi. Wako wazee wetu wengi ambao bibi zao na babu zao walivuka ziwa kutoka Manyema bila hiari yao. Mambo haya hayasemwi ovyo. Mtu aweza kukaa jirani yako miaka thelathini asikuambie.

Na neno lenyewe, uhuru, limetoka huko huko. Asili yake ni neno la Kiarabu, hurr, maana yake mtu asiye mtumwa. Katika Kiswahili cha zamani, huru hakikuwa cheo cha nchi, kilikuwa hali ya mtu: huyu ni huru, yule ni mtumwa. Kumwacha mtu huru ilikuwa ni kumfungulia. Hapa Tanganyika sheria ya kuuondoa utumwa kabisa ilitolewa na Waingereza mwaka 1922 tu. Miaka ya 1950 watu wa TANU walipopita wakisema "Uhuru na Umoja", walikuwako wazee waliokuwa wameonja ile maana ya kwanza katika miili yao, kabla ya kusikia hii ya pili.

Kwa hiyo fikirini: wajukuu wa watumwa waliopelekwa Marekani wanatafuta neno la Kiafrika la kutangaza furaha yao, wanapewa neno ambalo huku kwetu lilizaliwa katikati ya utumwa, kama dawa izaliwayo karibu na sumu yake, na anayewasemea ni mtu wa nchi ambayo haijapata uhuru bado. Sijui kama Weston aliyajua yote hayo. Lakini mtu wa ziwa hili akisikiliza, yanamjia yenyewe. Mimi nilipoisikiliza mara ya kwanza, kwa simu ya kijana mmoja wa kwaya, sikuushika muziki hata kidogo. Nilisikiliza lile neno tu.

Wakubwa wa Afrika Kusini wa siku zile nao walilisikia. Mwaka 1964 serikali ya makaburu iliipiga marufuku santuri ya Uhuru Afrika isiingie nchini mwao. Hamna tusi ndani yake, wala hamna wito wa vita. Mna ngoma, tarumbeta, mwanamke na mwanamume wanaomsifu bibi wa Kiafrika, na maneno ya uhuru. Walijua walichokiogopa.

Sasa, santuri iliyotengenezwa mwaka 1960 yafikaje kwa mtu wa leo? Ile ya kwanza ilitolewa na kampuni iitwayo Roulette, ikawa adimu. Mwaka 1990 ilitolewa tena kwa sidii, pamoja na kazi nyingine ya Weston iitwayo Highlife. Na jazz nyingi ya wakati ule imekuwa ikirudi hata kwa santuri zenyewe zile kubwa za kuzunguka. Kampuni ya Blue Note ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilianza mwaka 2019 mfululizo wa santuri za zamani zilizochapwa upya kwa uangalifu mkubwa. Vijana wa Marekani na Ulaya wanazipenda mno. Mwaka 2022 santuri zilizouzwa Marekani, kama milioni 41, zilipita idadi ya sidii, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1987. Nadhani wengine hununua ili waonekane nazo ukutani. Si neno, mradi kazi yapona.

Namna ya kuichapa upya ni hivi. Wimbo unasawazishwa kutoka kwenye utepe wa kwanza, ule uliotoka chumba cha kunasia. Mashine yenye sindano kali inachora mfuo mmoja mwembamba, unaozunguka kutoka ukingoni mpaka katikati, juu ya sahani laini iliyopakwa rangi maalumu. Sahani hiyo yatiwa fedha, halafu nikeli, ikatoka sura yake ya chuma yenye matuta mahali pa mifuo. Hiyo ndiyo muhuri. Halafu donge la plastiki ya moto lawekwa kati ya mihuri miwili, upande huu na upande huu, lagandamizwa, lapozwa, na baada ya muda mfupi santuri iko tayari. Ni kazi ya watu wachache. Februari 2020 kiwanda kimoja cha Kalifonia kilichotengeneza zile sahani laini kiliungua, na duniani kote kilibaki kimoja tu cha kutegemewa, huko Japani.

Mmeona penye shina la mambo? Ni ule utepe. Utepe ukiwepo, santuri yaweza kufufuliwa hata baada ya miaka sitini. Utepe ukipotea, tunategemea santuri iliyosalimika nyumbani kwa mtu.

Hapo ndipo habari inaporudi kwetu. Huku nasi tulikuwa na bendi: Lake Tanganyika Jazz ya hapa Kigoma. Katika bendi hiyo alianzia Shem Ibrahim Karenga, mzaliwa wa Kigoma, kabla ya kwenda Tabora Jazz na kutunga Dada Asha, wimbo ambao mtu mzima yeyote wa nchi hii akiusikia hutikisa kichwa. Alifariki Desemba 2014. Bendi zetu za wakati ule zilinaswa katika tepu za Radio Tanzania, na santuri zilichapwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikabanwa. Baadhi ya nyimbo za dansi za Tanzania za miaka ya 1960 zimetolewa upya, tena na Wafaransa: kampuni ya Buda Musique ilizitoa mwaka 2007. Tuwashukuru. Lakini mgeni hutoa kile alichokipata. Asichokipata hakimuumi, maana hakijui.

Na vingi viko majumbani mwetu. Nimeiona santuri imefunika mtungi wa maji. Nimeona nyingine zimewekwa juani dirishani mpaka zimekunjamana kama majani ya mgomba. Gramafoni iliharibika miaka mingi, baba akafa, watoto wanaona ni sahani nyeusi zisizoliwa chakula.

Kwa hiyo, wewe uliye na santuri za marehemu baba au babu, fanya mambo machache. Usizilaze moja juu ya nyingine. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua na jiko. Zile nzito za zamani za mizunguko 78 huvunjika kama kigae, zishike kwa mikono miwili. Usiguse mifuo kwa vidole. Shika ukingo na katikati. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu, polepole, kwa kuufuata mzunguko. Usimkubalie kijana azijaribu kwa sindano iliyochakaa, maana sindano mbovu hukwangua mfuo, na kilichokwanguliwa hakirudi. Akija mtu wa kununua, mwambie asubiri mpaka mmeandika yaliyomo.

Na yaliyomo ndiyo hayo nitakayowaomba zaidi. Katika Uhuru Afrika tunajua jina la kila mpigaji, hata la msemaji, Tuntemeke Sanga, kwa sababu liliandikwa. Santuri zetu mara nyingi zina jina la bendi na la wimbo tu. Nani alipiga gitaa la pili? Nani aliitikia? Wako wazee Kasingirima, Bangwe, Gungu na Mwanga ambao wakisikia sauti wanaweza kusema: huyo ni fulani, tulikaa naye mtaa mmoja. Mchukulie mzee kiti, mpigie wimbo kwa simu kama waweza kuupata, muulize. Andika majina yote anayotaja, na mwaka kama anaukumbuka, na ukumbi waliopigia. Tumia kalamu ya risasi, maana wino hupenya. Tena andika kwenye karatasi ya mfuko wake, kamwe si juu ya santuri yenyewe.